Bima imekuwa rahisi? Angalia kwanza eksesi

Siku hizi mtu ananunua bima ya gari akiwa kajilaza na simu mkononi. Anajaza mwaka wa gari, thamani yake, umri wa dereva, anabonyeza, zinatokea bei tano sita zimepangwa kuanzia ya chini kwenda juu na jicho linaenda moja kwa moja kwenye ile ya kwanza. Mara nyingi kuna na kisehemu cha kuchagua eksesi, yaani kiasi cha hasara utakachobeba mwenyewe, ukiipandisha ada inashuka hapo hapo unaona, na watu wamelipokea hili kama habari njema, eti ushindani umeongezeka na bima imekuwa rahisi. Upande wa pili kuna wale waliopata ajali wakaambiwa changia kiasi fulani ndio gari itoke, na wao wanasema eksesi ni wizi wa mchana kweupe. Mimi naona makundi yote mawili yameielewa vibaya hii ishu. Ada ikishuka kwa sababu umepandisha eksesi, kuna sehemu ya hasara uliyokuwa umeikabidhi kampuni na sasa umeirudisha mgongoni kwako, kampuni inakupunguzia hela kwa sababu umeipunguzia mzigo, basi. Hilo si baya, kwa wengi ndio uamuzi wa busara kabisa, ila lina sharti ambalo halitajwi wakati wa kuuziana: hiyo hela ya eksesi uwe nayo kweli siku gari itakapogongwa. Asiye nayo akachagua eksesi kubwa ili alipe ada ndogo ana bima ya kwenye karatasi, gari yake itabaki imeegeshwa gereji.

Tuanze na eksesi yenyewe maana hata wenye magari miaka mingi wanaichanganya. Eksesi ni kile kiasi cha kwanza cha hasara ambacho mkataba umesema kitabaki kwako, kila unapodai. Nitatumia namba tupu bila sarafu, wewe weka ya kwako. Eksesi yako ni 700, matengenezo yamefika 2,500, kampuni inabeba 1,800 na wewe 700. Matengenezo yakiwa 600 kampuni haitoi kitu, yote ni yako. Kuna watu wanaamini eksesi ni kama kizingiti, yaani hasara ikishavuka 700 basi wanalipa zote 2,500. Utaratibu wa namna hiyo upo, unaitwa franchaizi na umetumika tangu zamani kwenye bima za mizigo ya meli, lakini mkataba wa kawaida wa gari hauendi hivyo. Eksesi inakatwa hata hasara iwe kubwa kiasi gani, hata gari ikiharibika kabisa isitengenezeke au ikiibiwa moja kwa moja, wanachukua thamani waliyokubali, wanatoa eksesi, unapewa kinachobaki. Na hayo maneno "kila unapodai" yasomwe taratibu. Kuna bima za afya ambazo ukishamaliza kiasi chako ndani ya mwaka umemaliza, ila gari si hivyo, ukigonga nguzo mwezi wa pili na ukakwaruza mlango mwezi wa tisa hizo ni kleimu mbili, yaani madai mawili, na eksesi mbili. Hata ukijaribu kusema tuziunganishe, asesa, yule mkaguzi anayetumwa na kampuni kupima hasara, akichuchumaa na tochi yake ataona mchubuko mmoja umeshaanza kutu na ndani yake kuna vumbi lililogandamana, mwingine bati bado linang'aa, ataandika ajali mbili na atakuwa sahihi.

Halafu mara nyingi eksesi haiko moja. Kuna ya lazima iliyowekwa na kampuni, kuna ya hiari unayoongeza mwenyewe ili ada ishuke, na hizi zinajumlishwa. Lazima 300, hiari 400, siku ya siku ni 700, na hapa wengi wanaumia kwa sababu kichwani walibaki na ile 400 waliyoichagua kwa kidole chao. Juu yake mikataba mingi inaongeza kitu kwa dereva kijana au mwenye leseni changa, kwa hiyo umempa mdogo wako gari aende mahali mara moja, karudi na taa imevunjika, unakuta eksesi si ile uliyoizoea. Wizi nao unaweza kuwa na eksesi yake, kubwa zaidi kama gari haina kifaa cha kuifuatilia, na kioo cha mbele mara nyingi kina kipengele chake peke yake. Lakini inayowachanganya watu kuliko zote ni eksesi ya asilimia. Muuzaji anakwambia "eksesi ni asilimia 10 tu," na wewe inabidi umuulize hapo hapo, asilimia 10 ya nini? Ikiwa ni ya hasara, matengenezo ya 2,000 unatoa 200. Ikiwa ni ya thamani ya gari na gari yako ni 20,000, unatoa 2,000, maana yake ajali nzima umeibeba wewe na kampuni haijagusa. Na kuna kile kipengele cha mwisho wa sentensi, "isipungue 500", ambacho kinafanya hata ile asilimia 10 ya hasara isiwe 200 tena, iwe 500. Nimewaona watu wanasaini bila kufika mwisho wa hiyo sentensi na kwa kweli siwalaumu sana, imeandikwa kama vile haitakiwi isomwe.

Kwa nini haya yanaibuka sasa? Gari zenyewe zimebadilika. Bampa ya zamani fundi anaipasha moto, anaisukuma kwa ndani, anapiga rangi, kesho yake unaondoka. Bampa ya gari ya kisasa ukiivua unakuta nyuma yake kuna sensa za kuegeshea, pengine na rada inayopima umbali wa gari ya mbele, na juu ya kioo cha mbele, pale nyuma ya kioo cha kuangalizia nyuma, kuna kamera. Ukibadilisha hicho kioo kamera inatakiwa ipangwe upya kwa vipimo, ikikaa kombo kidogo tu mfumo wa breki za dharura na ule wa kufuata mstari wa barabara unaona barabara tofauti na iliyopo. Kwa hiyo kugusana kwa mwendo wa mtu anayetembea kwa miguu kunaweza kuzaa bili ambayo miaka ya nyuma ungeitegemea kwenye ajali ya maana. Kampuni zikiona hivyo zina njia mbili, zipandishe ada au zipandishe eksesi, na ada ndiyo inayoonekana kwenye simu na ndiyo inayotumika kupanga nani awe wa kwanza, eksesi iko ukurasa wa ndani. Sihitaji kuwaza njama yoyote kuelewa kitakachotokea, ukiwashindanisha watu kwa namba moja wataipunguza hiyo namba moja na nyingine ndiyo itakayobeba.

Sasa tupime hoja. Hoja nzito ya kampuni ni kwamba kleimu ndogo zina gharama za kipuuzi. Mtu akidai mkwaruzo wa 150, kuna fomu, kuna picha, kuna asesa wa kutoka kwenda kuangalia, kuna kubishana na gereji, kuna malipo, na shughuli yote hiyo inaweza kula hela kuliko mkwaruzo wenyewe, na hela hiyo haitoki mfukoni kwa kampuni, inatoka kwenye ada za wote. Hili lilishafanyiwa kazi kihesabu muda mrefu, mchumi Kenneth Arrow mwaka 1963 alionyesha kwamba pale bima inapouzwa kwa bei yenye gharama za uendeshaji ndani yake, mkataba unaomfaa zaidi mnunuzi ni ule unaomwachia hasara ya mwanzo halafu ukabeba yote iliyozidi hapo. Yaani ulipie bima kwa ajili ya kitu kitakachokuangusha, kile kidogo ukimudu kimalize mwenyewe. Hoja nyingine inayosimama ni ya wachumi Michael Rothschild na Joseph Stiglitz, mwaka 1976, kwamba kampuni haijui nani anaendesha vizuri lakini ikiweka mezani mikataba tofauti watu wanajitenga wenyewe, asiyepata ajali mara kwa mara anakubali kubaki na sehemu ya hasara ili alipe kidogo, anayejijua kuwa anapata ajali anataka kinga kamili na analipia. Hizo mbili nazikubali bila shida.

Ninayoikataa ni ile inayorudiwa sana na mawakala, kwamba eksesi ipo ili dereva awe makini. Hebu fikiria uko barabarani, gari mbele yako imefunga breki ghafla, una nusu sekunde. Kuna mtu duniani anayekumbuka eksesi yake ni 300 au 700 kwenye hiyo nusu sekunde? Mtu anaogopa kuumia, anaogopa kuua, anaogopa kesi, anaogopa kukaa bila gari, hizo hofu zote zipo hata eksesi ikiwa sifuri. Pale eksesi inapobadilisha tabia kweli ni baada ya ajali, mtu anaangalia mkwaruzo anasema huu nitaumaliza mwenyewe, asidai. Hiyo ni faida kwa kampuni na ni faida kwa mfuko wa pamoja, sawa, lakini iitwe kwa jina lake. Ukimwambia mteja eksesi ni ya kumfundisha umakini unamfanya aione kama faini, na hapo ndipo panapozaliwa malalamiko ninayoyafuatisha sasa.

Maana malalamiko makubwa ya wateja yanatokana na hiyo hiyo picha ya faini: "Mimi nimesimama kwenye taa nyekundu, mtu kanigonga nyuma, kwa nini nitoe eksesi wakati sina kosa?" Uchungu wake naujua na inauma kweli. Lakini eksesi haiulizi nani mkosaji. Ni makubaliano kati yako na kampuni yako kwamba katika kila hasara watakayokulipa, kipande cha kwanza ni chako. Kosa linaamuliwa mahali pengine, yaani kwa aliyekugonga na bima yake, na huko ndiko hiyo eksesi inapotakiwa irudi. Kampuni yako ikishalipa inachukua nafasi yako na kumdai yule kiasi ilichotoa, na eksesi yako ni hasara yako ambayo nawe una haki ya kuidai kutoka kwake. Shida ni kwamba haki hiyo haijitekelezi yenyewe. Kuna kampuni zinaidai pamoja na ya kwao, kuna nyingine zinadai ya kwao tu na kukuacha, na mteja kwa kuwa aliambiwa eksesi ni lazima anadhani imeshaenda hiyo. Kwa hiyo lalamiko lenye nguvu hapa ni "mbona hamkuniambia naweza kuirudisha", na hilo nalisimamia kwa nguvu zote. Picha za eneo la ajali, namba ya gari nyingine, jina la bima yake, ripoti ya polisi na risiti ya eksesi uliyolipa, bila hivyo vitu aliyekugonga na bima yake watakuzungusha hadi uchoke. Na kama aliyekugonga hana bima au alikimbia, kwa kweli hapo mara nyingi ndio umebaki nayo.

Lile la "nimelipa miaka mitano sijadai, kwa nini nichangie" naliacha haraka, kwa sababu ada za miaka mitano zilinunua miaka mitano ya kinga na kinga hiyo ilitolewa, ajali tu ndio haikuja.

Sasa hesabu yenyewe ya kuchagua, ambayo watu wanaiogopa bure. Tuseme ukiongeza eksesi ya hiari kwa 500, ada inashuka kwa 120 kwa mwaka. Gawanya 500 kwa 120, unapata kama miaka minne na kidogo. Kama wewe unadai mara moja kwa zaidi ya miaka minne eksesi kubwa inakulipa, kama unadai mara kwa mara kuliko hapo inakula kwako. Kinachoshangaza ni kwamba kwa wastani watu wanakosea kwa upande ambao usingetegemea. Mchumi Justin Sydnor mwaka 2010 alichapisha uchambuzi wa bima za nyumba Marekani, akakuta watu wanalipa kama dola 100 kwa mwaka ili eksesi ishuke kutoka 1,000 hadi 500, wakati waliokuwa wanadai kwa mwaka hawafiki watu 5 kati ya 100. Chukua 500 mara asilimia 5 unapata 25, ndio kusema walikuwa wanalipa dola 100 kununua kitu cha thamani isiyozidi 25. Nyumba si gari, gari zinagongwa zaidi, lakini namna ya kufikiri ni ile ile, watu wanaogopa bili ya ghafla kuliko wanavyoogopa ada inayojirudia kila mwaka.

Hapo mtu atasema basi kila mtu achukue eksesi kubwa, na wataalamu wengi wa fedha ndivyo wanavyoshauri. Mimi nasimama hapo kidogo. Hiyo hesabu inachukulia kwamba 700 ni 700 tu, popote ilipo. Mimi mwenyewe niliwahi kuchagua eksesi ya juu, nikafurahia ada, na ile tofauti sikuiweka pembeni, ikaingia kwenye matumizi kama hela nyingine. Mwaka wa pili nikarudi nyuma nikaingia kwenye nguzo, mlango wa nyuma ukaingia ndani, kampuni ikaidhinisha ndani ya wiki bila usumbufu wowote, gari ikatengenezwa vizuri. Nikafika gereji, gari naiona imeoshwa, rangi haina tofauti, funguo ziko mezani juu ya fomu ya kutolea gari, na pale chini ya fomu kuna mstari mmoja wa mchango wa mteja. Sikuwa nao. Gari ilikaa siku 19 nikiwa natafuta, mimi nikipanda magari ya kukodi kwenda kazini na kurudi, na nilipojumlisha nauli ile akiba ya ada ya miaka miwili ilikuwa imeisha yote na nikaongeza. Kwa mtu ambaye hela hiyo ingebidi aikope kwa riba, au ambaye gari ndiyo inayomwingizia mkate, gharama ya eksesi ni hiyo 700 pamoja na kila siku gari inayolala. Kwa hiyo kwake ada kubwa kidogo na eksesi ndogo inaweza kuwa sahihi hata kama kwenye karatasi inaonekana anapoteza.

Kuna kingine ambacho kinatakiwa kiingie kwenye hesabu na mara nyingi hakiingii, lile punguzo la kutodai, yaani ada inayopunguzwa kwa sababu hukudai. Matengenezo 900, eksesi 700, ukidai utapata 200. Lakini punguzo lako likipotea na ada ya mwaka ujao ikapanda kwa 250, umelipa 50 ili ulipwe bima. Kwa maana hiyo mpaka wa kudai uko juu kuliko eksesi, wengine hata juu sana, na ni vizuri uujue kabla hujapiga simu. Angalizo hapa, kutodai na kutotoa taarifa ni vitu viwili. Kama kuna gari nyingine au mtu kaguswa toa taarifa hata kama hutaki kulipwa, maana yule mwenzako anaweza akaibuka miezi minne baadaye na barua ya mwanasheria, na kampuni ikasema mbona hukutuambia.

Na zile bima za kufuta eksesi, ambazo unalipa kidogo ili ukipata ajali mchango wako urudishwe, zinaingia kwenye hesabu ile ile ya kugawanya. Ukipandisha eksesi ukaokoa 120 halafu ukanunua ya kuifuta kwa 60, umebaki na faida ya 60 na mkataba wa pili wenye masharti yake, wakati mwingine inafaa kabisa. Ukiona inauzwa kwa 150 umezunguka ukarudi pale pale, umelipa zaidi. Kwenye magari ya kukodi hii inauzwa kaunta, kwa siku, wakati mtu kachoka na safari na anataka funguo tu, na bei yake kwa siku ukiizidisha kwa mwaka ndio utaona jinsi ilivyo ghali kwa kile inachokinga.

Kinachofuata kutoka kwenye haya yote, kwa wanaouza na wanaosimamia bima, ni kwamba namba moja haitoshi kuuzia bima ya gari. Wachumi Liran Einav na Alma Cohen mwaka 2007 waliangalia mikataba zaidi ya 100,000 ya bima za gari Israeli, wateja walipewa eksesi za kuchagua, na wengi mno walibaki na ile ya kawaida, waliopanda juu walikuwa wachache sana. Ninavyoisoma mimi, kile kilichowekwa tayari kwenye fomu ndicho watu wanachoondoka nacho, kwa hiyo anayepanga fomu ndiye anayewachagulia, na akipanga kwa ada ya chini kabisa anawachagulia eksesi ya juu bila wao kujua. Ada na eksesi zikae bega kwa bega, herufi za ukubwa mmoja, ya lazima na ya hiari zikiwa zimeshajumlishwa, asilimia ikiwa imeshageuzwa kuwa hela kwa gari hiyo hiyo ya mteja, na kabla hajabonyeza kulipa aulizwe swali moja tu: gari yako ikigongwa kesho asubuhi, kiasi hiki unacho?